Barua ya Dole Gumba

Phineas, karani wa michezo katika kiwanda cha mbao, alimdanganya Jelagat akaweka dole gumba kwenye barua ambayo hakujua inasema nini, na barua hiyo ikamtoa mume wake kwenye mieleka mbele ya uwanja mzima wa watu. Hilo ndilo kosa. Ni vizuri lisemwe kwanza, kabla ya mambo ya kufurahisha, kwa sababu watu wakishaanza kufurahi humsahau aliyeumizwa.

Mume wake ni Shitanda. Alikuja Eldoret kutoka upande wa Kakamega akiwa kijana mwenye shingo ya fahali, na alipofika, kabla hata ya kuuliza pa kulala, aliuliza watu wa hapa wanapigana mieleka wapi. Kwao mieleka haikuwa mchezo wa watoto. Baada ya mavuno wanaume wa ukoo huu walikutana na wanaume wa ukoo ule, ngoma zikalia, na aliyewekwa mgongo chini alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Baba yake Shitanda aliipita njia hiyo mara moja tu maishani, na hadi anakufa hakupenda kuulizwa habari za siku ile.

Jelagat alikuwa msichana wa Kapseret. Kaka zake walienda shule, yeye akaenda na ndama. Shule aliijua kwa nje, alipokuwa akipeleka maziwa kwa walimu. Aliposema nyumbani kwamba anataka kuolewa na Mluhya wa kiwandani anayepigana mieleka, mama yake akasema, "Basi huyo atakuwa anakuangusha kila mwisho wa mwezi." Hakumwangusha. Shitanda hakuwahi kumpiga mke wake hata kofi moja, na hilo pia lisemwe. Walikodi chumba mtaa wa Huruma, wakamzaa binti yao Truphena, na Jelagat akaanza kuuza uji kwenye lango la kiwanda, sufuria moja kubwa kila asubuhi. Wafanyakazi walimwita Mama Uji.

Mwezi wa Aprili 1983 msumeno wa kiwanda ulimkata Shitanda mkono wa kushoto, juu kidogo ya kifundo. Msumeno ule haukuwa na kifuniko. Kilitolewa ili mbao zipite upesi, na hakuna aliyekuwa kiwandani ambaye hakulijua hilo. Kwenye kitabu cha ofisi waliandika kwamba alikuwa akicheza karibu na mashine. Mtu mwenye mke na mtoto, anacheza na msumeno! Aliporudi kutoka hospitali wakampa ufagio. Kazi yake ikawa kufagia vumbi la mbao chini ya msumeno uleule.

Mwaka mmoja na zaidi Shitanda hakutaja mieleka. Jumapili wenzake walipoenda kwa Simeon, yeye alikaa mlangoni akitazama kuku wa watu. Simeon alikuwa fundi wa baiskeli, mzee mwenye masikio yaliyokunjika kama majani ya kabichi kwa kubanwa makwapani mwa watu tangu ujana wake. Nyuma ya kibanda chake alikuwa amemwaga vumbi la mbao, na hapo ndipo wanaume wa Huruma waliposhindana.

Siku moja Jelagat alichoka na kuku wale.

"Baba Truphena," alisema, "kama ni kutazama, si uende ukatazame watu?"

Akaenda. Akasimama pembeni, kigutu amekificha mfukoni. Mpakiaji mmoja wa mchanga akamchokoza. "Ingia basi, Shitanda. Mimi nitafunga mkono mmoja nyuma, tuwe sawa."

"Usifunge," Shitanda alimjibu. "Utauhitaji."

Sasa, wanamieleka wa hapa wana desturi moja. Mtu akisogea, jambo la kwanza ni kumdaka mwenzake kifundo cha mkono wa kushoto, amvute, amvunje mwendo. Wamefundishwa hivyo na baba zao, na mkono umezoea kwenda wenyewe. Yule mpakiaji alidaka kifundo cha kushoto cha Shitanda, na kifundo hakikuwepo. Akashika hewa. Kabla hajajua ameshika nini alikuwa ameshalala chali na vumbi la mbao limejaa masikioni.

Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Simeon hakucheka. Alifuta spana kwa kitambaa, akasema neno moja tu.

"Rudia."

Akarudia, na yule mpakiaji akashika hewa tena.

Tangu siku hiyo Shitanda alianza kuamka mapema. Simeon alimwambia ukweli: hewa ile itawadanganya watu mara moja au mbili, lakini atakuja mtu mwenye akili. Alihitaji wa kufanya naye mazoezi kila siku, na alfajiri wanaume wote walikuwa wakikimbilia kazi. Aliyekuwepo ni mke wake. Kulipopambazuka Jelagat aliacha uji kwenye makaa, akajifunga leso kiunoni, wakatoka nyuma ya ploti walimopanga, penye kamba za kuanikia nguo.

Siku ya pili Ibrahim mwenye duka la mbele alikuja mbio, mswaki ungali mdomoni, na Maryam mkewe nyuma yake.

"Shitanda! Muogope Mungu! Mke wa mtu anapigwa saa hizi?"

"Mke wa nani? Ni wangu," Shitanda alisema. Alikuwa amelala chali.

Maryam akatazama vizuri. "Sasa anayepigwa ni nani?"

"Ni huyu," Jelagat alijibu. Alikuwa amemkalia mumewe kifuani, bado amemshika mkono.

Ibrahim alitoa mswaki mdomoni. "Haya," alisema, "mkimaliza, sukari imefika," akarudi dukani.

Jelagat hakudanganywa na kigutu zaidi ya mara moja. Alikuwa amekua na ndama. Ndama ukimshika huku na huku anakuponyoka, lakini ukikamata mguu mmoja kwa mikono yako miwili usiachie, hata awe mkubwa namna gani atazunguka hapo hapo hadi achoke. Basi aliukamata mkono wa kulia wa mumewe kwa mikono yake yote miwili na kuuning'inia. Shitanda alivuta, akavuta, akatukana kwa Kiluhya. Akavutwa yeye hadi kwenye kamba za nguo.

Wiki nzima ilikuwa hivyo. Kisha asubuhi moja aliacha kuvuta. Alimwachia mkono wote kama anayempa mtu fimbo, akaingia nao, bega likapita chini ya kwapa la mkewe, kigutu kikamnasa nyuma ya goti. Jelagat akajikuta anatazama mawingu.

"Umeumia, Mama Truphena?"

"Sijaumia. Rudia."

Hizo zilikuwa siku njema. Mwaka 1985 Shitanda aliwaangusha wanaume wote wa kiwanda waliotaka kushindana naye, mmoja baada ya mwingine, wakati wa chakula cha mchana, kwenye lundo la vumbi la mbao alilolifagia mwenyewe. Kila kiwanda na kila ofisi ya mji ilitakiwa kupeleka mtu mmoja kwenye mieleka ya sikukuu ya Jamhuri, mwezi wa Desemba. Hapakuwa na ubishi kwamba mtu wa kiwanda cha mbao ni Shitanda.

Ndipo Phineas alipokuja langoni.

Alikuja taratibu, tai shingoni, faili kwapani, kidau cha wino mkononi. Alimsalimu Jelagat vizuri kuliko siku zote. "Mama Uji, habari ya asubuhi. Nahitaji dole lako hapa."

"Ni la nini, karani?"

"Kumwandikisha mzee wako. Unajua hali yake. Mke akikubali, daktari hana neno."

Jelagat alifurahi. Mikono yake ilikuwa na uji, na Phineas akatoa leso yake mwenyewe ya mfukoni, akamfuta dole gumba polepole, kama mtu anayemfuta mtoto. Akalichovya kwenye wino, akalikandamiza kwenye karatasi. Kisha Jelagat akamchotea kikombe cha uji, akampa bure kwa furaha. Phineas aliunywa wote akasema ni mtamu. Kikombe kile ndicho kinachomuuma Jelagat kuliko wino.

Siku ya Jamhuri uwanja ulijaa. Vijana wa chama tawala walisimama mlangoni wakikagua kadi, na wenye viwanda walikaa kivulini pamoja na D.O., mkuu wa tarafa. Shitanda alikuwa ameshavua shati na kumpa mke wake alishike. Mtu wa kipaza sauti aliita majina ya wanamieleka, na alipofika kiwanda cha mbao akasema:

"Shitanda hatashiriki. Mke wake ameandika barua kuomba atolewe, kwa sababu ya ulemavu."

Jelagat alidhani amesikia vibaya. Kisha aliona vichwa vikigeuka, vya watu anaowauzia uji, na mumewe akiwa kifua wazi katikati ya uwanja akimtazama yeye. Shitanda alikuja akachukua shati lake mikononi mwa mkewe, akalivaa akitembea, vifungo haviingii kwa mkono mmoja, akatoka uwanjani shati likipepea.

Nyumbani alimuuliza mara moja tu.

"Dole ni lako?"

"Ni langu."

"Basi."

"Dole ni langu, Baba Truphena. Maneno si yangu."

"Maneno yawe ya nani, na dole ni lako?"

Jelagat alieleza habari za wino, na leso, na daktari, akaeleza tena kesho yake na keshokutwa, na kila alipoeleza ilizidi kufanana na uongo. Shitanda hakumpiga wala hakumfukuza. Alikula alichowekewa, akasema ahsante kama mgeni. Mwaka mzima. Nani amewahi kuambiwa ahsante na mume wake kwa mwaka mzima asilie?

Alienda ofisini kwa Phineas. "Nisomee ile barua."

"Iko kwa faili, mama."

"Lakini si ni yangu?"

"Ni yako, lakini faili ni ya ofisi."

Aliyemwambia kwa nini ni Aloo, mlinzi wa lango, ambaye alikunywa uji wake kila siku akiwa amesimama. Alisema akitazama barabarani, kama anayezungumza na gari. "Mama Uji, mimi sijasema kitu, sawa? Mkubwa wa kiwanda alimwambia Phineas, D.O. akimwona mtu wa mkono mmoja amevaa jina la kiwanda chetu, atauliza mkono ulikwenda wapi. Basi Phineas akasema, niachie mimi." Aloo alirudisha kikombe. "Nina watoto watano. Sijasema kitu."

Jelagat alimwambia mumewe hayo pia. Shitanda alisikiliza. "Aloo atakuja kusema mbele yangu?" aliuliza. Aloo hakuja.

Shitanda aliacha kazi ya kufagia, akaenda kwa Simeon kunyoosha magurudumu ya baiskeli. Kigutu kilishika gurudumu, mkono mzima ukakaza spoku, na kwa kazi hiyo hakuna aliyempita Huruma nzima. Alirudi kwenye mieleka. Ila watu wa Jumapili walimwonea huruma baada ya yale ya uwanjani. Walimshika kwa vidole, kama mtu anayeshika yai. Aliwaangusha wote, akatoka hapo bila jasho na bila furaha.

Asubuhi moja mwezi wa Agosti, Jelagat akiwa anakoroga uji, alisikia mlangoni:

"Mama Truphena. Njoo unishike."

Hakusema amemwamini. Alihitaji mtu wa kumshika kwa nguvu, ni hayo tu. Jelagat alijifunga leso akaenda, akaukamata mkono ule kwa mikono miwili na kuuvuta kwa hasira yote ya mwaka, hadi Shitanda akasema, "Pole pole, mwanamke, huu ndio umebaki." Jelagat akacheka. Shitanda hakucheka, lakini kesho yake alimwita tena.

Mwaka huo wa 1986 waandalizi walikubali mitaa nayo ilete watu wake, si viwanda tu. Simeon alienda kuandikisha jina la Shitanda kwa upande wa Huruma, na siku ya Jamhuri nusu ya Huruma ilikuwa uwanjani, Ibrahim na Maryam wakiwa mbele. Shitanda alivua shati. Alimpa Simeon alishike. Jelagat aliliona hilo.

Aliwaangusha wawili asubuhi, na wote wawili walishika hewa. Mchana ikabaki fainali, yeye na Kimeli, mpakiaji wa maghala ya mahindi, mtu wa kubeba gunia la kilo tisini kama unavyobeba mkoba, bingwa wa miaka miwili. Hapo ndipo Phineas alipoinuka kivulini akaenda kwenye meza ya waamuzi na karatasi mkononi.

"Kabla hamjaendelea, wazee. Huyu mtu ni mlemavu, na mke wake mwenyewe aliomba asiruhusiwe. Barua ni hii. Akiumia, ni nani atalaumiwa?"

Mwamuzi mkuu alikuwa Mwalimu Kipyego, mtu mrefu mwenye firimbi shingoni. Alinyoosha mkono kuipokea. Jelagat alikuwa ameshapita chini ya kamba.

"Mama, rudi nyuma ya kamba!" kijana mmoja wa chama alimfokea.

"Nitarudi. Kwanza wasome."

"Wewe ndiye mwenye barua?" Mwalimu Kipyego aliuliza.

"Wanasema ni mimi. Mwalimu, nimekaa mwaka mzima na barua ambayo ati ni yangu, na sijawahi kuisikia. Naomba nisomewe. Yote. Kwa sauti, hata hao wa nyuma wasikie."

Phineas alisema hakuna haja. Alipolisema hilo, Mwalimu Kipyego akaichukua barua, akashika kipaza sauti.

"Mimi, Jelagat, mke wa Shitanda," alisoma, "nimeandika barua hii kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiari yangu, bila kushawishiwa na mtu. Naomba mume wangu asiruhusiwe kushindana, kwa kuwa ulemavu wake unaniaibisha mimi na watoto wangu wanne."

"Wanne!" Maryam alipiga kelele. "Si ana Truphena peke yake!"

Mwalimu Kipyego aliinua karatasi juu ya macho yake, akaigeuza, akaigeuza tena. "Mama, hii imepigwa taipu. Chini kuna dole gumba. Wewe unajua kupiga taipu?"

"Sijui hata kushika kalamu, mwalimu."

Uwanja ulicheka. Ulicheka kama mvua inavyopiga mabati, na si wote waliomcheka Phineas. Wengi walimcheka Jelagat. "Mama Taipu!" mtu aliita. "Niandikie barua kwa dole!" Jelagat alisimama palepale kwenye vumbi la mbao, akangoja kusikia Phineas atasema nini. Hii ndiyo ilikuwa nafasi ya Phineas ya kusema kweli. Akaichukua ile karatasi mezani, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni, akasema, "Haya, tuendelee na michezo." Akaenda kukaa.

"Huruma haikuandika barua yoyote," Mwalimu Kipyego alisema. "Shitanda anacheza."

Lakini Shitanda hakwenda katikati. Alienda kwa Simeon, akachukua shati lake, akalileta hadi kwenye kamba na kumpa mke wake.

"Unaniaibisha," alisema, kama mtu anayelionja neno la barua. "Kwa lugha yako si ungesema mimi ni mjinga tu?"

"Wewe ni mjinga," Jelagat alisema. "Nenda."

Mshindi alikuwa wa mara mbili kati ya tatu. Mara ya kwanza Kimeli alidaka kifundo cha kushoto. Alikuwa ametazama mapambano mawili ya asubuhi, alijua hakuna kifundo, na bado mkono wake ulikwenda wenyewe. Akaanguka kwa kishindo. Huruma ikapiga vigelegele.

Ila Kimeli ndiye yule mtu mwenye akili ambaye Simeon alimtabiri. Mara ya pili aliweka mkono wake wa kulia nyuma kwanza, ili usimponze, akasubiri, kisha akarukia mkono mzima wa Shitanda kwa mikono yake yote miwili. Akaubana. Shitanda alivuta, na kumvuta mtu anayebeba magunia ni kuvuta ukuta. Alizungushwa mara mbili, akawekwa mgongo chini.

Sasa walikuwa sare. Mara ya tatu ilianza vilevile, Kimeli ameubana mkono, Shitanda anavuta, mishipa ya shingo imesimama. Uwanja mzima ulipiga kelele avute, ajitoe, asiuachie. Katikati ya kelele hizo sauti moja ya mwanamke ilipita juu ya nyingine zote.

"Mpe mkono! Baba Truphena, mpe mkono!"

"Huyu mwanamke tena!" mtu alisema nyuma ya Jelagat. "Si ni yule wa barua? Anataka mumewe aanguke!"

"Mpe! Mpe wote!"

Shitanda aliisikia. Angeweza kukumbuka mwaka mzima wa ahsante, na jina lake lilivyoitwa na kukatwa. Hakukuwa na muda wa kufikiri, mtu alikuwa anamwamini mke wake au hamwamini. Aliacha kuvuta. Mkono ukaenda wote, na Kimeli, aliyekuwa ameegemea nyuma kwa uzito wake mzima, akayumba. Bega la Shitanda likapita chini ya kwapa lake, kigutu kikamnasa nyuma ya goti, na bingwa wa miaka miwili akatazama mawingu, mahali ambapo Jelagat alikuwa ameshatazama mara nyingi kabla yake.

Kimeli alibaki chini kidogo, akipumua. "Nani amekufundisha hii?" aliuliza.

"Huyo anayepiga kelele," Shitanda alisema, akampa mkono kumwinua.

Walimpa kikombe cha bati kilichopakwa rangi ya dhahabu na blanketi la kijivu. D.O. alipokuwa akimpa kikombe alikitazama kigutu, akauliza kwa upole, kipaza sauti kikiwa karibu, "Na mkono huu ulikwenda wapi, bingwa?"

"Uko kiwandani, bwana D.O. Msumeno hauna kifuniko."

Pale kivulini mkubwa wa kiwanda alianza kutafuta kitu kwenye viatu vyake. Baada ya wiki mbili Aloo alikuja kunywa uji akamwambia Jelagat, safari hii akimtazama usoni, kwamba msumeno umewekwa kifuniko. Haujakata mkono wa mtu mwingine tangu hapo. Hilo peke yake ni kubwa kuliko kikombe.

Jelagat alikibeba kikombe kutoka uwanjani hadi Huruma, juu ya kichwa, kama sufuria yake ya uji, na watu nyuma wakiimba. Kikombe kikakaa dukani kwa Ibrahim, kwenye rafu ya juu, kati ya chumvi na majani ya chai, kwa sababu dukani kinaonekana na wengi. Shitanda alikuwa bingwa wa mji miaka mitatu. Sasa anafundisha nyuma ya kibanda cha Simeon, na watu wenye viungo vyao vyote huja kutoka Langas na hata Turbo kujifunza kwa mtu mwenye kiungo pungufu. Ahsante ya mgeni iliisha siku ileile ya kikombe. Chakula kikichelewa siku hizi anauliza kwa nini, kama mume yeyote, na Jelagat anamjibu kama mke yeyote.

Na Jelagat haweki tena dole mahali popote. Aliingia gumbaru, darasa la watu wazima wasiojua kusoma, akakaa kwenye viti vya watoto pamoja na wanawake wa Huruma, magoti yakifika kidevuni, hadi akaweza kuandika jina lake. Herufi zinaegemeana kama walevi, lakini ni jina lake.

Mkono wa mtu haurudishwi, kwa hiyo mkono hauombwi. Kinachodaiwa ni kidogo zaidi. Barua ile ilirudi kwenye faili ya kiwanda na bado iko humo, Aloo ameiona, na ndani yake bado Jelagat anasema kwa mkono wake mwenyewe kwamba mume wake anamwaibisha. Langoni bado wapo wanaoita "Mama Taipu" wakicheka, na wageni wakiuliza kwa nini, wanaambiwa kwamba mama huyu aliwahi kumsaliti mume wake, kisha bwana akamsamehe. Akamsamehe! Kosa lilikuwa la nani?

Anayedaiwa ni Phineas. Amepandishwa cheo, amehamia karibu na Elgon View, mtaa wa matajiri, na anapita langoni kila asubuhi kwa gari lenye dirisha lililofungwa. Anadaiwa alifungue. Anadaiwa ashuke mbele ya wafanyakazi wote, na barua mkononi, aseme maneno sita: barua ile niliandika mimi, Jelagat hakujua. Hapotezi hata dakika moja. Uji saa hiyo huwa bado moto, na Jelagat yupo, hajahama.